Mama anatembea, ila jikoni bado: balansi na akili baada ya kiharusi

Kila nikikutana na mtu anayemjua mama swali ni moja tu, "vipi, mama anatembea?" Namjibu anatembea alhamdulillah, anafurahi, anasema Mungu mkubwa, basi mazungumzo yanaishia hapo. Na kweli anatembea. Kutoka kitandani mpaka barazani, barazani mpaka chooni, akishika mkongojo wake anafika mpaka nyumba ya tatu kwa shoga yake. Lakini huyu huyu anayetembea hawezi kupika chai peke yake mpaka ikafika mezani, hawezi kurudisha chenji ya elfu mbili, na akiingia kuoga lazima mtu akae nje ya mlango ametega sikio. Nataka kuandika kuhusu hilo hasa, mana huku mtaani wanaouguza mgonjwa wa kiharusi ni wengi na wengi wanaishia kusema "amepona ila hajakaa sawa", hawajui nini hakijakaa sawa na wamuulize nani.

Mama ni mtu wa maandazi. Hapa Ngamiani, Tanga, amekaanga maandazi na vitumbua tangu sisi wanawe hatujaanza shule, anaamka kabla ya adhana ya alfajiri, anakanda unga, anawasha jiko, mpaka watu wanatoka msikitini karai la kwanza limeshatoka. Kiharusi kilimpiga upande wa kulia wa ubongo, mshipa uliziba, kwahiyo mwili uliolegea ni wa kushoto. Presha alikuwa nayo miaka mingi, dawa anakunywa akijisikia vibaya, akijisikia vizuri anaziacha, hadithi hiyo mnaijua nyote. Mguu ulianza kurudi mapema, mkono ukafuata kwa kusuasua. Na macho ya familia nzima yalikuwa hapo, mguuni na mkononi, kidole kikicheza video inaenda kwenye grupu la familia, shangazi wa Muheza anapiga vigelegele kwa voisi noti.

Dada wa fizio, yule wa mazoezi ya viungo hospitalini, ndo alitugeuza. Alisema kitu ambacho mpaka leo nakirudia kwa kila anayeniuliza: msinihesabie hatua, niambieni akifika anapokwenda anafanya nini. Tukaanza kumwangalia mama kwa jicho hilo na mambo yakawa mengine kabisa.

Tuanze na kusimama kwenyewe. Mtu mzima akisimama anaona kama hafanyi kitu, kumbe mwili muda wote unayumba kidogo kidogo na ubongo unarekebisha. Habari ubongo unazipata sehemu tatu, machoni, sikio la ndani, na kwenye nyayo na viungo, miguu inahisi sakafu ikoje na goti limekunja kiasi gani. Zile habari zikifika zinaunganishwa na misuli inapewa amri, na wewe huna habari, unaendelea na umbea wako. Kiharusi kinaweza kuharibu popote kwenye hiyo njia. Kwa mama nyayo ya kushoto hisia zimepungua, kwahiyo anategemea macho sana. Ndo mana mchana anaenda vizuri, umeme ukikatika usiku anaganda katikati ya chumba hawezi kunyanyua mguu. Ndo mana pia akijipaka sabuni usoni akafumba macho anaanza kwenda upande kama anasukumwa na mtu. Hapo nguvu za miguu hazijapungua hata chembe, kilichoondoka ni macho tu.

Alafu kuna hili la pili ambalo mimi naona ndo kiini cha yote. Zamani kusimama hakukumgharimu mama chochote kichwani. Sa hivi kunamgharimu. Kila hatua anaifikiria, mguu huu sasa ule, na akili yenyewe baada ya kiharusi imepungua uwezo wa kushika mambo mengi kwa pamoja. Ni kama nyumba yenye waya mwembamba wa umeme, ukiwasha pasi taa zinafifia. Ukimuongezea mama kazi ya kufikiri wakati amesimama, kimoja lazima kififie, aidha anasahau alichokuwa anafanya au anayumba.

Nimeliona hili kwa macho yangu karibu kabisa. Siku moja asubuhi amesimama mbele ya jiko, mkono wa kulia ana mwiko anakoroga uji, ametulia vizuri kabisa, mtoto wa jirani akapita getini akasema "shikamoo bibi". Ule mwiko ukasimama. Uji ukaanza kufura. Mama akageuza kichwa, akafungua mdomo amuitikie, na goti la kushoto likalegea pale pale, nikamdaka kiunoni kabla hajalala kwenye jiko. Salamu ya maneno mawili tu. Mikono, miguu, macho vyote vilikuwa vilevile kama dakika moja nyuma, kilichoongezeka ni salamu.

Wenzetu Sweden, mji wa Umeå, walishaliona jambo linalofanana na hili kwa wazee, utafiti wa akina Lundin-Olsson wa mwaka 1997. Walikuwa wanatembea na wazee wa kwenye makazi ya wazee huku wanawasemesha tu mazungumzo ya kawaida, wakawaangalia nani anasimama ili ajibu. Baadae wakafuatilia, na wale waliokuwa wanasimama ndo walianguka zaidi miezi iliyofuata. Wengi wao hawakuwa na kiharusi, ni wazee tu, lakini dada wa fizio anasema kwa wagonjwa wa kiharusi jambo hilo lipo na linakuwa zito zaidi. Ukimwambia atembee huku anataja vitu au anatoa hesabu, mwendo unapungua, hatua zinafupika, au majibu yanakosewa. Sasa fikiria sisi na salamu zetu. Mtu akikupita Ngamiani hakuachii na shikamoo tu, atauliza umeamkaje, watoto wazima, nyumbani salama, mguu unaendeleaje, na wewe ujibu na umuulize na za kwake, na kumpita mtu kimya ni jeuri. Kwahiyo njia ya kwenda kwa shoga yake ambayo ukiiangalia ni fupi na tambarare, kwa mama ni mtihani mkubwa kuliko ngazi.

Tulichofanya ni kuwaambia majirani. Tuliwaomba, mkimuona bi mkubwa anatembea msimsemeshe, msubirini afike akae, au asimame ashike ukuta kwanza. Na yeye tumemzoesha, ukisalimiwa simama, shika kitu, jibu, ukimaliza ndo nyanyua mguu. Mwanzoni alikataa, alisema watu watamuona ana dharau. Sa hivi mtaa mzima umezoea, hata watoto wanamwambia "bibi shika ukuta nikuamkie".

Upande wa kushoto nao una mambo yake. Wagonjwa waliopigwa upande wa kulia wa ubongo wengi wanapata tatizo la kutoujali upande wa kushoto, na hapa naomba mnielewe, jicho halina shida. Jicho linaona. Ubongo ndo haugeukii huko, kwake yeye upande ule kama haupo. Mama anakula wali nusu ya sahani ya kulia anamaliza kabisa, anasema hajashiba, wali wa kushoto upo pale pale na kipande cha samaki juu yake. Ukiizungusha sahani anashtuka, "kumbe kuna samaki!" Anavaa kandambili moja. Anagonga bega kwenye fremu ya mlango. Mteja akisimama kushoto kwake anamsemesha na mama hageuki, mteja anaondoka anadhani amenuniwa.

Hilo ni suala la akili, na hapo hapo ni suala la balansi, kwa sababu mtu asiyeujua upande wake mmoja hajui hata katikati ya mwili wake iko wapi. Akikaa anaegemea. Wapo wengine ambao wanajisukuma kabisa kwenda upande uliolegea, ukijaribu kuwanyoosha wanakataa wanaona wewe ndo unawaangusha, mtu wa nje anaona ni ukorofi. Mama hakufika huko, yeye alikuwa anaegemea tu, lakini wodini kulikuwa na mzee wa namna hiyo na ndugu zake walikuwa wanagombana naye kila akikalishwa kitandani.

Kilichotufungua macho kabisa ni udhu. Mama ni mtu wa sala, na tangu alipoweza kusimama alitaka achukue udhu mwenyewe, hataki kusaidiwa. Sasa fikiria udhu ni nini ukiuangalia kama mtu wa fizio. Kuna mpangilio, viganja, mdomo, pua, uso, mikono mpaka kwenye viwiko, kichwa, masikio, miguu, na unahesabu mara tatu tatu. Hiyo ni kumbukumbu na mpangilio. Alafu maji usoni macho unafumba. Alafu unainama. Alafu mwishoni unanyanyua mguu mmoja uoshe, umesimama kwa mguu mmoja, sakafu imelowa, na mkono mmoja una kopo. Mtu asiye na ugonjwa wowote anafanya haya mara tano kwa siku anawaza mambo mengine kabisa.

Nilisimama pembeni nikamuangalia bila kumsemesha. Viganja sawa. Mdomo sawa, pua sawa. Uso aliosha mara ya kwanza akayumba akashika karo, akasubiri, akaendelea. Mkono wa kulia mpaka kwenye kiwiko, mara tatu, safi kabisa. Alafu akaenda kichwani. Mkono wa kushoto mkavu, haujaguswa, unaning'inia pale, na mwenyewe hana habari, midomo inaendelea na dua zake. Mwanamke ambaye amechukua udhu tangu utotoni. Nililia siku ile nikiwa nyuma ya mlango sitaki anione. Na alipofika kwenye miguu alinyanyua ule wa kulia akitaka kuegemea wa kushoto, hapo ikabidi niingie.

Sa hivi anachukua udhu amekaa. Tumeweka kiti cha plastiki kizito mbele ya karo, ndoo ndogo kushoto kwake kwa makusudi ili kila akichota maji ageuze kichwa na mwili kwenda kushoto, na mjukuu anasimama pembeni. Hamfanyii. Anasubiri, mama akiruka mkono anauliza tu "bibi, umemaliza mikono?" Yaani swali, amri hapana. Yeye mwenyewe anaangalia, anauona ule mkono, anaosha. Siku nyingi sasa swali halihitajiki. Na sala anasali kwenye kiti, dini imeruhusu mgonjwa asali amekaa, hilo watu wa madrasa walimwelewesha vizuri mana alikuwa anaona kama anapunguza. Rakaa zilikuwa zinampotea, akawa anarudia anaanza upya anachoka, kwahiyo mjukuu anasali pamoja naye, anasimama mbele kidogo upande wa kushoto, mama anamfuata. Mimi naona hayo ni mazoezi bora kuliko mengi tuliyopewa kwenye karatasi.

Kuhusu vipimo niseme kidogo kwa sababu watu wanapewa namba na hawaelezwi. Kipimo cha balansi kinachotumika sana dunia nzima ni cha Berg, kilitengenezwa Kanada mwaka 1989, kina vitu 14, kila kimoja kinapewa 0 mpaka 4, jumla 56. Ukiviangalia vile vitu ni nyumbani kwako kabisa, kusimama kutoka kwenye kiti bila kushika, kusimama umefumba macho, kugeuka mzunguko mzima, kuokota kiatu sakafuni, kusimama mguu mmoja. Ukiambiwa amepata ngapi usiishie kwenye jumla, uliza amepoteza pointi wapi. Mama alipoteza kwenye kugeuka na kwenye macho kufumba, na tulipojua hivo tukajua bafuni na kwenye kona ya ukumbi ndo sehemu za hatari, kuliko hata ile ngazi ya mbele tuliyokuwa tunaiogopa.

Akili nayo ina vipimo. Kile cha MoCA, cha Montreal, kilichotolewa mwaka 2005, kina pointi 30, unachora saa, unanakili boksi, unakumbuka maneno. Kizuri, lakini mama yangu amesoma mpaka darasa la nne na kalamu ameshika mara chache sana maishani, ukimwambia achore boksi akashindwa hujapima kiharusi, umepima shule. Nilifurahi kujua kwamba hapa hapa kwetu, wilaya ya Hai mkoa wa Kilimanjaro, kilitengenezwa kipimo kinachoitwa IDEA kwa ajili ya wazee wa vijijini ambao wengi hawajasoma, kilikuwa cha kutafuta ugonjwa wa kusahau kwa wazee. Huchori. Unapanga njiti za kiberiti kufuata mfano, unataja wanyama wengi uwezavyo kwa dakika moja, unakumbuka orodha ya maneno. Mama alipopewa njiti alipanga za kulia vizuri kabisa na upande wa kushoto akaacha wazi, akasema "tayari mwanangu". Ile meza na zile njiti ziliniambia zaidi ya maelezo yote.

Na kuna cha tatu, Barthel, cha mwaka 1965, chenyewe kinapima shughuli, kinaenda mpaka 100. Kula, kuoga, kuvaa, haja ndogo na kubwa, kutumia choo, kuhama kitandani kwenda kwenye kiti, kutembea, ngazi. Ni kizuri kwa mwanzo. Lakini soma hiyo orodha tena. Kupika hamna. Hela hamna. Kunywa dawa kwa saa yake hamna. Simu hamna. Mtu anaweza kupata 100 kamili na bado asiweze kuachwa nyumbani peke yake na jiko linawaka. Kwahiyo ukiambiwa mgonjwa wako anajitegemea uliza, anajitegemea kwenye nini.

Jambo lingine zito ni mgonjwa kutojua kwamba hawezi. Mama alikuwa anaamka usiku, hamwiti mtu, anateremka kitandani. Unamwambia mama tuite, anasema haya, usiku huo huo anafanya vilevile. Kaka yangu alikuwa anakasirika, anamwambia mama unatufanyia makusudi, wewe ni mkaidi. Si ukaidi jamani. Ubongo ulioumia upande ule unaweza kupoteza uwezo wa kujipima, mtu kwa moyo mweupe kabisa anaamini mguu wake mzima, na akikurupuka kusimama ni kwa sababu breki za kichwani zimelegea. Ukimgombeza unamuumiza bure na kesho atasimama tena. Kilichosaidia kwetu ni kubadilisha chumba, kitanda tulikishusha, taa ndogo ya chaji inawaka usiku kucha, choo cha ndoo chenye kiti pale pale kitandani upande wa kulia, mazulia yote tumetoa, na mtu analala chumba kimoja naye. Kengele nayo tuliiweka kulia. Kushoto tunaweka vitu vya mazoezi, redio yake, picha za wajukuu, na sisi tukikaa kumsemesha tunakaa kushoto ili ageuke, lakini kitu cha dharura kinakaa upande anaouona.

Nisisahau wale wa upande mwingine wa ubongo. Kiharusi cha kushoto mara nyingi kinachukua maneno, na watu wetu wakiona mtu haongei wanasema akili imeruka, wanaanza kumjadili mbele yake kama hayupo, hata mirathi nimesikia ikijadiliwa. Pale kwenye benchi la fizio kulikuwa na mzee mmoja neno alilobaki nalo ni "eeh" tu. Kila kitu eeh. Siku moja wanaye walikuja na bao wakati tunasubiri zamu, wakaanza kucheza wenyewe, mzee akausogeza mkono wa kushoto akachukua kete, akaanza kusambaza. Alicheza bao la kweli kweli, anahesabu mashimo mbele, anatega, anakula, akamfunga mwanaye na benchi zima likapiga makofi. Mtu huyo akili haijaruka. Na balansi yake ilikuwa nzuri, na nyumbani kwake nasikia anafua, anafagia uwanja, anaenda sokoni na kikaratasi. Kwahiyo kuongea ni kitu kimoja na kufikiri ni kitu kingine, na mwenye uwezo wa kupanga na kuzingatia anafika mbali hata kama ulimi umefungwa.

Mama na yule mzee ukiwaweka pamoja, mama anaongea vizuri, anatania, wageni wakija wanaondoka wanasema huyu mzima. Anayehitaji kuangaliwa muda wote ni mama.

Sasa mazoezi. Dada wa fizio alitupangia kwa hatua, kwanza balansi peke yake, alafu balansi na akili, alafu shughuli yenyewe. Ya kwanza ni kukaa na kusimama kwenye kiti bila kushika, kuhamisha uzito kulia na kushoto, kugeuka polepole. Marudio mengi, kila siku, kidogo kidogo. Alipokuwa anaweza hayo tukaongeza maneno. Anatembea upande upande ameshika meza, anataja samaki. Tanga hii samaki hawamshindi mtu, changu, kibua, jodari, pono, tasi, nguru, anaenda nao. Ukiona anataja samaki miguu imesimama, unajua uzito umezidi, unapunguza. Baadae ikawa anakunja kanga amesimama, kanga ni nzuri sana mana inalazimisha mikono miwili, pindo la kushoto lazima alitafute.

Yale mazoezi ya akili ya kwenye karatasi, kutafuta herufi, hesabu, tulifanya pia, na kwenye karatasi alipiga hatua. Ila jikoni hayakuvuka. Alizidi kuwa hodari wa karatasi. Wataalamu wenyewe wanasema mara nyingi mtu anapiga hatua kwenye kile alichokifanyia mazoezi, kwahiyo kama unataka apike, mazoezi yawe kupika. Tukaikata chai vipande. Siku za mwanzo kazi yake ni kuweka majani na sukari kwenye birika amekaa mezani. Alafu maji. Alafu kupanga vikombe, kushoto na kulia. Vitu vyote tunavipanga kwenye sinia kwa mfuatano, akimaliza kimoja anakisogeza, kwahiyo sinia lenyewe linamkumbusha amefika wapi. Jiko la mkaa tumelipandisha juu ya vitofali asiiname. Redio tunazima, mlango tunafunga, mtu wa kupiga hodi asubiri.

Na kabla hujasema akili yake imeharibika hakikisha vitu vya kawaida. Miwani anayo? Anasikia? Amelala usiku? Mkojo unawaka? Mama kuna kipindi alirudi nyuma ghafla, anachanganya siku, anayumba, kumbe ni UTI, maambukizi ya njia ya mkojo, alipotibiwa akarudi. Presha ikishuka anaposimama nayo inaleta kizunguzungu, pima amelala alafu pima amesimama. Wenye sukari ikishuka wanachanganyikiwa pia. Na huzuni. Karibu theluthi moja ya waliopata kiharusi wanapata sonona, na mtu mwenye sonona hazingatii, hakumbuki, hajali kujaribu, watu wanasema akili imekwisha. Mama alilia miezi, hasa saa ile ya alfajiri aliyokuwa anaamka kukanda unga. Hilo nalo lina matibabu, semeni kliniki, msilifiche. Lakini mtu akichanganyikiwa ghafla, mdomo ukapinda, au upande ukalegea upya, usianze kukisia UTI, kimbiza hospitali saa hiyo hiyo.

Ninachoumia nacho ni kwamba watu wetu wanapata kiharusi kwa wingi na huduma ya baada ya hapo ni ndogo. Utafiti uliofanyika Hai na Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006 ulikuta, ukishasawazisha umri, karibu wagonjwa wapya 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka kule Hai, na Dar karibu 316. Tatu kwa moja. Hiyo ni zamani, na kila mmoja wao aliyebaki hai alirudi kwenye nyumba kama yetu, kwa mabinti na wajukuu ambao hawakuambiwa lolote kuhusu kichwa. Sisi tulipotolewa wodini karatasi ilikuwa na dawa na tarehe ya kliniki, basi. Hospitali siitaji, mana naamini nyingi ziko hivo, wataalamu wa utengamao, wale wa kumrudisha mgonjwa kwenye shughuli zake, ni wachache na wodi zimejaa. Lakini swali la "akiwa jikoni itakuwaje" linaweza kuulizwa na nesi yeyote, halihitaji mashine.

Mama kwa sasa amefika hapa. Unga anakanda yeye, amekaa, mkono wa kulia unafanya kazi na wa kushoto unashika beseni, na kukanda kumeusaidia ule mkono kuliko mpira tuliopewa wa kuminya. Iliki anapima kwa jicho kama zamani na ladha ni ile ile. Kusukuma na kukata anafanya na mdogo wangu. Chenji bado ni ya mjukuu, ila wameanza kufanya pamoja, mama anasema jibu kwanza, mtoto anahakiki. Mafuta ya moto hatujamruhusu, na amekasirika sana, ametuambia tunamfanya mtoto. Tumemwekea karai la maji baridi kwenye lile jiko bila moto, anasimama hapo kila asubuhi anageuza vipande vya unga kwa mwiko, mmoja wetu anapita kushoto kwake anamsalimia. Ikifika mahali anaitikia marhaba, anageuka, anarudi kwenye karai bila kushika ukuta na bila kusahau kipande kilichoko kushoto, asubuhi baada ya asubuhi, hapo ndo tutazungumza habari ya moto na dada wa fizio akiwepo.